Krediti, Kozi na Cheti: Istilahi za Masomo ya Vyuoni na Matatizo ya Tafsiri Yake

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa barua na mzee mmoja wa Muheza, mkulima wa machungwa, ili tumtafsirie. Barua hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na chuo ambacho binti yake alikuwa ameomba kuhamia, baada ya kumaliza mwaka mmoja wa masomo ya stashahada katika chuo kingine. Tuliisoma upesi, tukaitafsiri upesi, na sentensi iliyokuwa kiini cha barua tukaiandika hivi: “Mkopo wako hautahamishwa mpaka ulete maelezo ya kozi ulizosoma, kabla ya kufunguliwa kwa muhula.” Mzee alitushukuru akaenda zake. Nyumbani waliisoma, wakashangaa, kisha wakaiweka sandukuni. Karo ya binti yao ilikuwa imetoka katika machungwa, wala si katika Bodi ya Mikopo. Kwa hiyo waliamini kwamba barua ilikuwa ya mtu mwingine na kwamba karani alikosea anwani. “Mwalimu, sisi hatukukopa hata senti,” ndivyo alivyotuambia mzee tulipokutana naye tena, na wakati huo muhula ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Binti alianza upya mwaka wa kwanza.

Kosa lilikuwa letu, wala si la chuo. Tangu siku ile tumekuwa tukizisoma kwa makini zaidi barua, fomu na miongozo ya vyuo ipitayo mikononi mwetu, na tumeona kwamba maneno ya kupimia masomo, na ya kuyatambua masomo hayo mahali pengine, hutafsiriwa na kila mtu kwa namna yake. Makala haya yanakusudia kueleza dhana zenyewe kwanza, kisha kupendekeza istilahi. Mifano yetu mingi ni ya Mkoa wa Tanga, kwa sababu ndiko tunakofanya kazi, na kwa sababu mkoa huu una vyuo vya aina nyingi: vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Handeni na Kiwanda, chuo cha VETA cha mjini Tanga, Chuo cha Ualimu Korogwe, Chuo cha Kilimo Mlingano, kampasi ya Buhuri ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kijana aweza kupita katika viwili au vitatu vya vyuo hivyo bila ya kutoka nje ya mkoa, na kila avukapo mlango hukutana na msamiati mpya.

Tuanze na krediti. Krediti ni kipimo cha kazi ya kujifunza. Hapa nchini krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi hiyo, na ndani ya saa hizo mna mihadhara, semina, kazi ya karakana au ya shambani, kujisomea, na hata mitihani. Basi moduli yenye krediti 12 inamtaka mwanafunzi wa kawaida atumie saa 120 hivi, ingawa huenda akakutana na mwalimu darasani kwa nusu ya saa hizo au pungufu. Mwaka mzima wa masomo ya chuo kikuu huwa na krediti 120, yaani saa 1,200, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Saa hizo hazipimwi kwa saa ya ukutani. Mwanafunzi mwepesi humaliza mapema, na mzito huongeza usiku. Lakini wote wawili hupata krediti zilezile, mradi wamefaulu. Asiyefaulu moduli hapati hata robo ya krediti zake. Kwa sababu hiyo tunapendekeza saa hizi ziitwe “saa za makadirio”, na wala zisiitwe “saa za masomo”, kwani msomaji wa kawaida akisikia saa za masomo hufikiria kengele na ratiba.

Neno lenyewe la kigeni lina asili katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini. Mwenye duka humwamini mteja akampa unga leo alipe mwisho wa mwezi; chuo nacho huiamini kazi iliyofanywa katika chuo kingine. Maana hizi mbili zilitoka katika shina moja, lakini katika Kiswahili matawi yake yamekwisha kuachana, na kila tawi lina jina lake. La kwanza ni mkopo. Laiti “uhamisho wa mkopo” lingekuwa fungu la maneno lisilo na maana, msomaji angesita na kuuliza. Taabu ni kwamba lina maana kamili. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mwanafunzi mnufaika anayehama chuo hulazimika kushughulikia pia uhamisho wa mkopo wake, na huo ni utaratibu unaojulikana. Kwa hiyo aliyetafsiri vibaya hakutoa upuuzi. Ametoa habari nyingine iliyo kweli mahali pengine. Kosa la namna hiyo ndilo baya kuliko yote katika kazi yetu, maana halijitangazi.

Tawi la pili ni salio. Vijana wameizoea “hamisha salio” ya simu, na tumewahi kuiona katika tafsiri ya fomu ya chuo, imeandikwa bila ya dalili yoyote ya mzaha. Salio ni kilichobaki baada ya kutumia. Krediti ya masomo ni kinyume chake: hukusanywa, na haipungui kwa kutumiwa.

La tatu ni gumu zaidi, kwa kuwa ni neno lilelile. Katika mazungumzo ya matokeo ya kidato cha nne, krediti ni ufaulu wa alama A, B au C. Mzazi husema mwanawe ana “krediti tatu” akiwa na maana ya masomo matatu aliyofaulu kwa C au zaidi. Siku mwana huyo anapoingia chuoni na kuambiwa kwamba moduli moja tu ina krediti 12, mzazi hupigwa na butwaa. Hatuwezi kuliondoa neno hili midomoni mwa watu, na wala hatuna haja. Inatosha kwamba katika maandishi rasmi, pale inapohusika mitihani ya shule, iandikwe “ufaulu wa C au zaidi”, na neno krediti peke yake liachiwe kipimo cha masomo ya vyuoni.

Yapo mengine yanayomtega mfasiri hata anapokuwa amelipata neno. Tuitazame tarakimu 120. Katika vyuo vikuu vyetu krediti 120 ni mwaka mmoja. Katika mfumo wa nchi za Ulaya, ambamo mwaka mmoja una krediti 60, tarakimu hiyohiyo ni miaka miwili. Nchini Marekani shahada ya kwanza yote, ya miaka minne, huwa na krediti 120 hivi. Mtu anayeandika kwamba “mwombaji ana krediti 120” bila ya kutaja ni za wapi hakumwambia msomaji lolote, na huenda amemdanganya. Hata kwa jirani zetu mambo ni hayohayo: nchini Uganda krediti hupimwa kwa saa 15 za kukutana na mwalimu, hivyo kozi yenye krediti 3 ina saa 45 za darasani, ilhali krediti 3 za hapa ni saa 30 kwa jumla, kujisomea kukiwamo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1980 na lenye makao yake Kampala, limejitahidi kuvipatanisha vipimo hivi, na mwaka 2015 nchi wanachama zilipata mfumo mmoja wa sifa za elimu ya juu. Mpaka mfumo huo utakapokuwa umeenea katika kila hati, mfasiri hana budi kuandika tarakimu pamoja na jumla yake: “krediti 48 kati ya 360”, au “krediti 30 kati ya 120 kwa kipimo cha Marekani”. Maneno manne ya ziada hayamchoshi mtu.

Sasa tuje katika neno la pili, ambalo kwa maoni yetu lina madhara zaidi kuliko la kwanza, nalo ni “uhamisho”.

Wazo lenyewe la kuhesabiwa ulichosoma kwingine si geni kwa watu wa pwani. Katika Tanga na Pangani wazee wanaposema kwamba mtoto yuko chuoni, aghalabu maana yao ni chuo cha Kurani. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, na ndiyo maana msomi huitwa mwanachuoni. Mtoto aliyehamishiwa kwa mjomba wake, tuseme kutoka Pangani kwenda Tanga mjini, hakupelekwa na karatasi. Mwalimu mpya alimwuliza, “Umefika wapi?” Mtoto alijibu kwa kutaja juzuu au sura, kisha akaamriwa asome. Akisoma sawasawa, aliendelea kutoka pale alipofikia. Akikwama, alirudishwa nyuma mpaka mahali alipokuwa imara, hata kama kule atokako alikwisha kupapita. Juzuu ni 30, na ni zilezile Lamu na Kilwa. Tena tunaona kwamba neno tulitumialo kwa kumaliza chuo chochote leo, yaani kuhitimu, lilitoka katika kuikhitimu Kurani.

Yapo mambo mawili katika mfano huu, nayo ndiyo yaliyomo katika kanuni za vyuo vya leo: kipimo kinachojulikana pande zote mbili, na mamlaka ya yule anayepokea. Mwalimu wa Pangani hakuwa na uwezo wa kumlazimisha mwalimu wa Tanga. Mtoto alihama, juzuu zake zilihesabiwa, au hazikuhesabiwa.

Mtumishi wa serikali, kwa upande wake, anaposoma neno “uhamisho” huona kitu kingine kabisa. Uhamisho wa mtumishi ni amri itokayo juu: ukiisha kuandikiwa barua, kituo kipya hukupokea, na hakiulizi kama ulikuwa ukifanya kazi vizuri. Kwa hiyo mzazi aliye mtumishi, akiambiwa kwamba kuna “uhamisho wa krediti”, huenda moja kwa moja kwenye chuo anachotoka mwanawe na kudai barua ya uhamisho. Huko hupewa barua, wakati mwingine yenye maneno mazuri sana, na anapofika chuo kipya barua hiyo haimsaidii kitu. Chuo kipya kinataka kujua chuo cha kwanza kina ithibati au hakina, moduli zilikuwa na maudhui gani, zilikuwa za ngazi gani na za krediti ngapi, na mwanafunzi alizifaulu kwa alama gani. Kikiridhika, huzihesabu zote au baadhi yake. Hapana kilichohama.

Kwa sababu hizi tunapendekeza kitenzi “kuhesabiwa”: mwanafunzi amehesabiwa krediti 48, krediti za moduli ya takwimu hazikuhesabiwa. Nomino yake iwe “utambuzi wa krediti”. Tunajua kwamba “uhamisho wa krediti” limekwisha kuingia katika baadhi ya miongozo, na hatudai lifutwe. Lakini katika barua iendayo kwa mwananchi tungelikwepa. Mwanafunzi na aendelee kuhama, na uhamisho ubaki kuwa wake yeye.

Hapa lazima tutenge dhana mbili ambazo wazazi wengi, na walimu si haba, huzichanganya. Kukubaliwa kuingia si sawa na kuhesabiwa. Mwenye stashahada akiwa na wastani wa alama unaotakiwa, ambao kwa kawaida haupungui 3.0, aweza kudahiliwa katika chuo kikuu kwa kile kinachoitwa sifa linganifu, yaani sifa inayolingana na ile ya kidato cha sita. Hiyo stashahada imemfungulia mlango. Lakini akiisha kuingia, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita, hata kama nusu ya mada anazofundishwa alikwisha kuzisoma kule Buhuri au Mlingano. Neno “linganifu” limewapotosha wengi: wanadhani stashahada ya miaka miwili inalingana na miaka miwili ya shahada. Mfasiri anapokutana na sifa linganifu na aeleze: linganifu na nini, na kwa ajili ya nini. Kadhalika ipo dhana ya tatu, ya kusamehewa moduli. Aliyesamehewa halazimiki kuisoma moduli fulani, lakini katika vyuo vingine hutakiwa kuchukua nyingine mahali pake ili atimize jumla ya krediti. Huyu amesamehewa, hakuhesabiwa.

Neno “kozi” nalo lina safari yake. Kijana wa Tanga akisema “nasoma kozi ya umeme” ana maana ya mafunzo yote, tangu siku ya kwanza hadi cheti. Mwalimu wa chuo kikuu akisema “kozi” ana maana ya somo moja la muhula mmoja, lenye namba yake katika kitabu cha chuo. Katika vyuo vya ufundi kipande hicho huitwa moduli, na shuleni huitwa somo. Basi sentensi “amefaulu kozi tatu” yaweza kuwa habari ya mtu aliyehitimu mafunzo matatu tofauti, au ya mtu ambaye hata muhula haujamwishia. Tungependa mafunzo yote kwa jumla yaitwe programu. Kipande kiitwe moduli katika ufundi na kozi katika chuo kikuu, kama vyuo vyenyewe vinavyosema. Na kozi kwa maana ya mafunzo iachwe katika “kozi fupi”, ambako imekwisha kukaa na haina wa kuiondoa. Vilevile tahadhari itumike katika “kozi ya msingi”. Wengine huitumia kwa kozi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa programu, na wengine kwa ile ya kumwandaa mtu asiye na sifa kamili, kama katika programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Ya kwanza tungeiita kozi kuu, na ya pili kozi ya maandalizi.

Tatizo hili la aina za kozi huonekana wazi zaidi tunapotafsiri habari za vyuo vya Marekani vya miaka miwili, ambavyo vijana wa pwani wenye jamaa huko huviuliza mara kwa mara. Cha kwanza kati ya vyuo vya umma vya aina hiyo kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Humo mna kozi za namna nne. Zipo zinazohesabika katika shahada: mwanafunzi husoma miaka miwili, hukusanya krediti 60, kisha huenda chuo kikuu kumalizia nyingine 60. Zipo za kazi, kama uuguzi au uchomeleaji, ambazo huenda zikahesabika zote, chache, au zisihesabike. Zipo za kuimarisha, hasa hisabati na uandishi, kwa aliyeingia akiwa dhaifu. Na zipo za wanajamii wapendao tu kujifunza, kama kuchora au lugha, ambazo hazina krediti. Hatari iko katika zile za kuimarisha. Katika hati ya matokeo huandikwa pamoja na nyingine, wakati mwingine zikiwa na tarakimu zake, na karo yake hulipwa. Lakini kwa kawaida hazihesabiki katika shahada. Kwa hiyo tunapendekeza jozi ya maneno iliyo wazi: “kozi inayohesabika” na “kozi isiyohesabika”. Kiswahili kimetupa kiambishi kinacholeta maana hiyo hasa, na si lazima kutafuta mbali.

Jina la vyuo hivyo nalo limezua mchanganyiko. Mfasiri mmoja huandika “chuo cha maendeleo ya jamii”, mwingine “chuo cha maendeleo ya wananchi”, na kila jina lina mwenyewe hapa nchini. Vyuo vya maendeleo ya jamii ni vile vinavyowafunza maofisa wa maendeleo ya jamii, kama taasisi ya Tengeru. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambavyo asili yake ni Denmark katika karne ya 19. Shabaha yake ilikuwa kumchukua mwanakijiji aliyeteuliwa na wenzake, kumfunza kilimo, ushonaji, uashi, useremala au uongozi, na kumrudisha kijijini. Mitihani na vyeti vya kupandia ngazi havikuwa katika shabaha hiyo. Ndiyo maana yuko fundi wa makamo kule Handeni aliyesoma miaka miwili, ambaye amejenga nusu ya nyumba za kijiji chake, na karatasi aliyo nayo inasema tu kwamba alihudhuria. Baadaye vyuo hivi vilihamishiwa wizara ya elimu na kuanza pia kufundisha kwa mitaala ya ufundi stadi. Na pamoja na kozi fupi mna programu ya Elimu Haina Mwisho kwa wasichana waliokatiza masomo. Chuo kimoja, basi, chaweza kutoa kozi inayohesabika na isiyohesabika chini ya paa moja. Kwa vyuo vya Marekani tungetumia “chuo cha jamii”, na mara ya kwanza tueleze kuwa ni chuo cha umma cha miaka miwili.

Karatasi ya yule fundi inatupeleka kwenye neno “cheti”. Neno hili lilitujia kutoka Bara Hindi, nalo kwa asili ni kijikaratasi tu: cheti cha daktari, cheti cha kutolea mzigo bohari. Leo limebeba mizigo mitatu isiyolingana. Kuna cheti cha kuhudhuria, kinachosema ulikuwapo. Kuna cheti cha umahiri, kinachosema unaweza. Na kuna cheti kilicho jina la ngazi ya masomo, ambacho vyuo vingine hukiita astashahada. Katika ngazi zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 stashahada ya juu, ya 8 shahada, kisha uzamili na uzamivu mpaka ya 10. Tunaposoma “mwenye cheti” katika tangazo la kazi hatujui ni kipi kati ya vyote hivyo. (Stashahada ya juu nayo ina utata wa kihistoria, maana kabla ya mfumo huu ilitolewa kwa masomo marefu, kama katika Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2001, afisa utumishi asiilinganishe na ya sasa kwa jina tu.)

Lipo kosa moja ambalo tungependa kila mfasiri alikariri. Zamani mafundi walipimwa kwa majaribio ya ufundi ya daraja la 3, la 2 na la 1, na bingwa alikuwa wa daraja la 1. Mfumo wa ufundi stadi uliofuata una ngazi ya 1, ya 2 na ya 3, na bingwa ni wa ngazi ya 3. Tarakimu zimegeuka juu chini. Fundi umeme aliyepata daraja la 1, akiandikiwa na karani “ngazi ya 1”, ameshushwa kutoka kileleni hadi mwanzo wa ngazi, na mshahara wake pamoja naye. Na hakuna atakayemwonea huruma kwa sababu tarakimu ni ileile. Basi “daraja” litumike pale ambapo 1 ni ya juu, kama ilivyo pia katika matokeo ya shule, na “ngazi” pale ambapo 1 ni ya chini. Mtu hupanda ngazi kuanzia ya kwanza. Hilo hata mtoto analijua.

Kwa fundi asiye na karatasi yoyote, aliyejifunza uanagenzi kwenye gereji au chini ya mwembe, VETA ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti, na jina lililozoeleka ni urasimishaji ujuzi. Tunalipenda jina hili, kwa kuwa halidai kwamba ujuzi umezaliwa siku ya kupimwa. Ujuzi ulikuwapo, uliofanywa rasmi ni ushahidi wake. Na ushahidi ndiyo maana ya asili ya shahada, kama ajuavyo kila mwenye kidole cha shahada.

Baada ya kuyakusanya maneno haya tulimwendea yule mzee wa Muheza, tukamsomea ile sentensi kama ambavyo tungeiandika sasa: “Krediti za moduli ulizofaulu katika chuo ulichotoka hazitahesabiwa katika programu unayoomba mpaka utuletee maelezo ya kila moduli, pamoja na hati ya matokeo yenye muhuri, kabla ya kufunguliwa kwa muhula.” Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba hapo mtu anajua la kufanya. Kisha akatuuliza moduli ndiyo nini. Tumeongeza mbele ya neno hilo, katika nakala yetu, maneno “yaani somo moja moja”, na twangoja kusikia kutoka kwa wasomaji walio vyuoni kama wana neno fupi zaidi.